Vijana tunanunuliwa kangomba: kampeni za ugenini zinamlipa nani?

Wale mlioko kafe na dakika zinakwenda, naomba mnivumilie. Leo ni ndefu kidogo, lakini inatuhusu sisi wenyewe.

Uchaguzi wa Oktoba 2025 umepita na kila mtu ana alichokiona. Kuna jambo moja ambalo naona tunalipita kila baada ya uchaguzi kama vile halipo. Ni hili la vijana kupakiwa kwenye magari na kupelekwa kufanya kampeni mahali wasipopajua. Kijana wa Ndanda anapelekwa Newala, wa Newala anapelekwa Mtwara, wa Dar anashushwa Masasi usiku akiwa na begi moja. Wanaitwa watu wa kujitolea. Sawa. Swali langu ni: anajitolea nini hasa, na anayepokea ni nani?

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili asiyekubaliana ajiandae kunijibu. Vyama havituchukui vijana wa mbali kwa sababu tunajua kuleta kura. Kura hatuzileti. Vinatuchukua kwa sababu tuna bei ndogo na kwa sababu huko tunakopelekwa hatuna jirani wa kumwonea aibu. Basi.

Kwa ambao hamjakulia kwenye korosho, kangomba ni hivi. Mkulima ana shida, mtoto kafukuzwa shule au mgonjwa yuko hospitali, na msimu bado. Anakuja mtu anamnunulia korosho zake nje ya utaratibu, kwa bei ya kutupa. Mnada ukifunguliwa, yule mnunuzi anazipeleka ghalani kama zake na anachukua bei kamili. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze 2007, kangomba inapigwa vita na bado ipo, kwa sababu shida haingoji mnada. Sasa mtazame kijana aliyemaliza form four, hana ajira, hana ada ya chuo. Anaambiwa "twende kampeni, utakula, utalala, baadaye mambo yatakuwa mazuri." Nguvu zake zimeshanunuliwa kabla ya msimu. Bei ya mnada atachukua mwingine.

Mimi nilimaliza form four 2019. Mwaka 2020 kampeni zilipoanza mwishoni mwa Agosti nilikuwa nyumbani Ndanda sina shughuli ya maana. Nikaenda upande wa Newala, juu, kusaidia kampeni ya ubunge na udiwani. Chama sikitaji, na msipoteze muda kubuni, kwa sababu nimeongea na wenzangu wa vyama vingine na hadithi ni ile ile. Tulikuwa vijana 14 kwenye nyumba moja. Tulibandika picha, tulitembea nyumba kwa nyumba, tulipanga viti, tulicheza muziki kwenye gari la matangazo. Tuanze na hesabu za vitu tulivyotoa.

Cha kwanza ni kura. Hapa kwetu unapiga kura kwenye kituo ulichojiandikisha. Ukihama unatakiwa urekebishe taarifa zako kwenye daftari wakati wa uboreshaji, ukichelewa imekula kwako. Mimi nilijiandikisha Ndanda. Tarehe 28 Oktoba 2020 nilikuwa juu Newala. Katika wale 14, waliopiga kura siku ile ni wawili tu, ambao walikuwa wenyeji wa pale. Sisi 12 tulikuwa tumezunguka miezi miwili tukiwaambia watu "kura yako ni haki yako, usikubali ipotee." Jamani! Na hili halikuanza na sisi. Mwaka 2010 wanafunzi wengi wa vyuo vikuu walijiandikisha vyuoni, kisha vyuo vikafunguliwa baada ya uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba. Kura zao zikabaki kwenye daftari la mji ambao wao hawakuwepo. Watu walilalamika sana, na walikuwa na haki. Lakini kijana wa kampeni akipoteza kura yake kwa kupelekwa mbali, hakuna anayelalamika, kwa sababu anayempeleka ni chama chake mwenyewe.

Cha pili ni jina. Uwanda wa Makonde ukienda kwa mtu na karatasi mkononi, swali la kwanza si sera. Nilifika kwa mzee mmoja amekaa kivulini anabangua korosho za kula nyumbani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Ndanda, babu."

"Ndanda kwa nani?"

Nikamtajia. Akafikiri, akatikisa kichwa, hawafahamu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaniambia, "Umesema vizuri. Sasa mwambie aliyekutuma aje mwenyewe, nimjue ni wa kwa nani." Mzee yule hakunifukuza wala hakunitukana. Alikuwa anauliza swali la maana kuliko yote kwenye siasa: nikikuamini leo, kesho nitakupata wapi? Mimi sikuwa na jibu, na hakuna mgeni yeyote aliye na jibu la swali hilo.

Tulikuwa na dada mmoja wa pale pale kijijini. Karatasi tulizopewa ziliandikwa elimu, afya, miundombinu, kama zinavyoandikwa nchi nzima. Yeye akaziweka pembeni. Akiingia kwenye nyumba anauliza kwanza habari za mgonjwa, kisha anauliza, "Mama, zile hela za korosho za msimu wa 2018 mlishalipwa zote?" Mnakumbuka Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuzibeba. Malipo ya wakulima wengine yalichelewa mno. Dada akigusa hapo, watu wanafunguka nusu saa nzima. Mimi natembea kutwa napata "tumekusikia mwanangu." Yeye kwa nyumba tano anajua nani yuko wapi, na kwa nini.

Halafu kuna suala la msimu. Uchaguzi wetu mkuu ni Oktoba. Oktoba ndiyo watu wako chini ya mikorosho wanaokota. Jamaa waliotoka mjini kusimamia kampeni walikuwa wanaitisha mkutano saa 4 asubuhi, wakikuta watu 20 wanaandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawana mwamko. Hawana mwamko wapi? Wako shambani, korosho ikilala chini ikapigwa na mvua inashuka daraja, na daraja ndiyo bei. Mikutano inatakiwa kufungwa saa 12 jioni kwa sheria, kwa hiyo muda wa kweli wa kuongea na mtu wa Newala mwezi huo ni kama saa moja na nusu hivi ya jioni. Mtoto wa pale anajua hili bila kufundishwa, ila ripoti ilikuwa inaandikwa na mgeni.

Na wenyeji nao wanalipa. Newala ni juu, maji ni shida tangu enzi na enzi. Kuna mradi wa maji wa Makonde wa miaka mingi, lakini mabomba yakikauka ndoo inanunuliwa. Sasa mama amepokea vijana 14 nyumbani kwake kwa sababu mume wake ni mwanachama. Wanaoga, wanafua, wanapikiwa. Chama kilileta mchele na maharage. Maji hakuna aliyeyahesabu. Mama wa watu ndiye alikuwa anaamka alfajiri na madumu. Huyo naye alijitolea, tena kuliko sisi, na hata fulana hakupewa.

Sasa kama mgeni halipi, kwa nini vyama vinaendelea kusomba wageni? Tunachopewa ni fulana, chakula na ahadi, kwa hiyo sababu ya bei iko wazi. Ya pili ndiyo inayonitisha. Mwenyeji ana mipaka. Hawezi kuchana picha ya mgombea mwingine mchana, kwa sababu mwenye ile picha ni shemeji yake. Hawezi kumtukana mtu jukwaani, kwa sababu kesho watakutana msibani, na keshokutwa kwenye foleni ya AMCOS kupima korosho. Mgeni hana haya hayo. Anatukana, anachana, anapiga, gari linawashwa anaondoka. Wanaobaki kununiana ni wenyeji.

Tazameni chaguzi ndogo, ndiko vyama vinapomwaga watu wake wote. Igunga 2011, baada ya Rostam Aziz kujiuzulu ubunge, kila chama kilihamia kule na wabunge wake na vijana wake, mpaka helikopta. Matokeo yake? Kijana mmoja wa CCM alimwagiwa tindikali, kukawa na vurugu za kila aina. Siku ya kura, tarehe 2 Oktoba 2011, kati ya watu zaidi ya 170,000 walioandikishwa walijitokeza kama 53,000 tu. Hata theluthi haifiki! Dk. Dalaly Kafumu wa CCM akamshinda mgombea wa CHADEMA kwa tofauti ya kura kama 3,000, kisha kesi zikaenda mahakamani mpaka 2013. Sisemi wageni ndio walioleta tindikali, sina ushahidi huo. Ninachosema ni kwamba nchi nzima ilihamia jimbo moja, na zaidi ya theluthi mbili ya wenye jimbo wakabaki nyumbani. Kama wageni wangekuwa wanaleta kura, Igunga ingevunja rekodi.

Najua kuna mdau ataniuliza: sasa unataka kila mtu akae kwao? TANU ingefikaje kila mkoa? Swali zuri. Bibi Titi Mohamed alikuwa mtoto wa Dar es Salaam na alizunguka nchi nzima. Mwalimu Nyerere aliacha kazi Pugu 1955 akaanza kuzunguka. Lakini walipofika mahali walikuwa wanafungua tawi, wanaacha kadi na viongozi wa pale pale, wao wanaendelea mbele. Tawi lilibaki kuwa la wenyeji.

Hata Marekani ni hivyo hivyo. Mwaka 1964 mamia ya wanafunzi wa vyuo, wengi weupe kutoka majimbo ya kaskazini, walikwenda Mississippi kusaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. Kabla ya kwenda walifundishwa kwanza Ohio, na waliambiwa waende na hela ya dhamana, kwa sababu kukamatwa kulikuwa karibu na uhakika. Hawakudanganywa kwamba ni matembezi. Usiku wa tarehe 21 Juni watatu waliuawa: Andrew Goodman na Michael Schwerner waliotoka New York, na James Chaney, mtoto wa Mississippi mwenyewe. Wageni wale walikaa kwenye nyumba za wenyeji, wakafungua shule, wakafundisha. Mwezi Agosti, mkutano mkuu wa chama cha Democratic ulipokaa Atlantic City, aliyesimama kueleza nchi nzima yaliyokuwa yanatendeka alikuwa mama wa huko huko, Fannie Lou Hamer, mtu wa mashamba ya pamba. Wageni walileta macho ya dunia na kuongeza nguvu, ila sauti ilibaki ya mwenyeji.

Kwa hiyo mgeni ana kazi, ila ni kazi ya kumwezesha mwenyeji, na iishe kabla ya siku ya kura. Chukueni mfano wa mawakala. Sheria inamweka wakala kituoni kwanza kabisa ili amgundue mtu anayetaka kupiga kura kwa jina la mwingine. Sasa mimi wa Ndanda nitamjuaje aliyekuja na jina la marehemu wa Newala? Siwezi. Mtoto wa pale anamjua mara moja, tena anajua na kaburi liko wapi. Lakini yule mtoto wa pale huenda hajui kwamba matokeo yakishahesabiwa ana haki ya nakala ya fomu, 21A ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani, na kwamba asiondoke bila nakala hiyo. Hapo ndipo mgeni aliyesoma anapofaa. Akae naye wiki mbili, amfundishe fomu, amfundishe kiapo, amfundishe kuandika malalamiko kwa maneno mafupi. Siku ya kura mgeni apande gari arudi kwao, naye akapige kura yake. Kwetu ilikuwa kinyume. Tulifundishwa nyimbo.

Kuna na suala la usalama, na hili nawaomba mlisome taratibu. Tarehe 16 Februari 2018 pale Kinondoni, wafuasi wa CHADEMA walikuwa wanaandamana kudai barua za mawakala wao, polisi wakafyatua risasi, na Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji, akauawa akiwa abiria ndani ya daladala. Hata kwenye kampeni hakuwemo. Tarehe 29 Oktoba 2025 watu walikufa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotembea usiku, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Fikiria siku kama ile wewe uko wilaya ya mbali, simu haina mtandao, mwenye gari haonekani, na nyumbani waliambiwa tu "nimeenda kwenye shughuli za chama." Nani ataanza kukutafuta? Kwenu hawajui kijiji. Kijijini hawajui kwenu. Mwaka ule wa 2020 hapakutokea lolote baya kwangu, lakini baada ya matokeo gari lililotuleta halikurudi. Tulikaa siku tatu. Nauli ya kushuka Masasi tulichangiwa na yule mama wa maji.

Na tusisahau kwamba wagombea wenyewe wanahama. Jimbo letu la Ndanda liliundwa 2015. Nilikuwa darasa la saba, nakumbuka vijana wageni waliojaa hapa barabarani na bendera. Cecil Mwambe akashinda kwa CHADEMA. Februari 2020 akahamia CCM, na Oktoba 2020 akashinda tena jimbo lile lile, safari hii kwa CCM. Kuhama ni haki yake kikatiba, sina ugomvi naye. Ila yule kijana aliyegombana na ndugu zake 2015 kwa ajili ya bendera moja, na yule aliyegombana kwa ajili ya nyingine, wote walijikuta na mbunge yule yule. Wenye vyeo walishapatana. Hawa wadogo wengine mpaka leo hawasalimiani.

Basi mimi napendekeza hivi. Serikali za mitaa ni 2029, uchaguzi mkuu 2030, na chaguzi ndogo huja wakati wowote. Ukifuatwa na mtu anakwambia twende, muulize haya kabla hujapanda gari:

1. Siku ya kura nitarudishwa nyumbani nikapige kura? Akisema "tutaona", maana yake hapana.

2. Nauli ya kurudi iko wapi? Ishike mkononi siku ya kwenda. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inawataka wagombea na vyama watoe hesabu ya walichotumia, kwa hiyo nauli yako na chakula chako si siri ya mtu na si fadhila.

3. Mwenyeji wangu ni nani, na yeye anapewa nini? Hata hela ya maji tu.

4. Nakwenda kufanya kazi gani? Kama ni kufundisha, kuandika, kupanga, nenda. Ukisikia "kazi ya vijana" na mtu anacheka anapoisema, baki nyumbani.

5. Nyumbani wanajua jina la kijiji, jina la mwenyeji na namba yake? Andika karatasi, mwachie mama.

Na kama majibu hayapo, siasa si lazima uifuate ugenini. Hapa Ndanda kuna mkutano wa kijiji unaoitishwa na mara nyingi vijana hatuendi. Kuna AMCOS inasoma hesabu na sisi tuko kijiweni tunabishana mpira. Pale ukisimama ukauliza swali, hakuna atakayekuuliza wewe wa kwa nani. Wanajua. Ndiyo maana swali lako litakuwa na uzito, na ndiyo maana pia utaogopa kuliuliza. Kumpigia kelele mgombea wa wilaya nyingine ni rahisi kuliko kumuuliza mwenyekiti wa kijiji chako hela za zahanati zimefika wapi.

Nimemaliza. Wale mliokwenda Igunga, Tarime, Arumeru, Kinondoni, au mliopelekwa popote 2015, 2020 na 2025, tiririkeni hapa chini. Mlirudishwa? Mlipiga kura? Na wenyeji mliopokea wageni, nanyi semeni, hasa akina mama. Matusi sitayapitisha. Naomba kutoa hoja.